Kabla Hatujakifunga Kibanda cha PlayStation

Hotuba mbele ya mkutano wa wazazi na walimu, Ndosho, Goma

Bwana Prefe, Mama Direktrisi, walimu wenzangu, mama na papa mliotoka Ndosho, Katoyi, Mugunga na hata Majengo, nanyi vijana ninaowaona mmejipanga pale madirishani: nawasalimu, na asanteni kwa kuja.

Komite ya wazazi imeniomba niseme kabla ya kupiga kura. Barua iko mezani, imekwisha kuandikwa. Inamwomba shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, akifunge kile kibanda cha PlayStation kilicho nyuma ya uzio wa shule. Nimeisoma yote. Inasema watoto wanajifunza kuua pale ndani. Inasema tangu kibanda kifunguliwe watoto wetu wamekuwa wakali, wanapigana njiani, hawamsikii mama, wanatamka maneno ya askari. Inasema michezo ya video ndiyo chanzo. Wazazi wengi wameitia sahihi, na najua kila mmoja aliitia kwa sababu anampenda mtoto wake.

Mimi sijaitia sahihi. Nitawaeleza sababu, halafu nitawaomba tuiandike upya. Sikuja kuwaambia kwamba hakuna shida. Shida ipo, na mimi nakutana nayo darasani: mtoto wa miaka kumi na mmoja anasinzia juu ya daftari kwa kuwa alikesha na simu ya kaka yake chini ya blanketi, mwingine alipewa pesa ya shule mkononi, ikaishia kibandani. Lakini barua hii, kama ilivyo, inaikamata mashine na kuwaachia watu. Hilo ndilo linalonikataza kuweka jina langu.

Hofu tuliyo nayo imezunguka dunia kabla ya kufika Goma. Mwaka 1992 ulitoka Marekani mchezo uitwao Mortal Kombat, ambamo mshindi aliweza kumng'oa mwenzake moyo. Wazazi wa kule walishtuka kama nyinyi. Seneti yao ikaita kikao Desemba 1993, na mwaka uliofuata wenye makampuni ya michezo wakaunda baraza la kutaja umri unaofaa kwa kila mchezo. Ulaya nayo ikaanza mfumo wake mwaka 2003, unaitwa PEGI. Ile namba mnayoiona kwenye kasha la diski ndiyo hiyo: 3, 7, 12, 16, 18. GTA V, mchezo wa kuiba magari na kuwapiga watu risasi barabarani, una 18. Naomba tulisikie vizuri hilo. Aliyesema mchezo huo si wa mtoto si mchungaji wala mwalimu wa Goma. Ni mfumo uliowekwa na wenye biashara yenyewe. Pale kibandani kasha limetupwa zamani, diski imebaki bila kasha, na namba imekwenda na kasha.

Aprili 1999 vijana wawili wa shule ya Columbine, katika jimbo la Colorado, waliingia shuleni kwao na bunduki wakawaua wenzao na mwalimu mmoja. Ilipojulikana kwamba walipenda mchezo wa kupiga risasi uitwao Doom, watu wengi waliona jibu limepatikana. Hawakuuliza ni vijana wangapi waliocheza Doom mwaka huo huo, wakazima mashine na kwenda kula pamoja na mama zao. California ilitunga sheria mwaka 2005 ya kukataza kuwauzia watoto michezo ya ukatili. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta, majaji 7 dhidi ya 2, na moja ya sababu zake ilikuwa kwamba tafiti zilizoletwa hazikuonyesha kwamba mchezo ndio unaomfanya mtoto awe mkatili. China ilichukua njia yake mwaka 2021: aliye chini ya miaka 18 acheze michezo ya mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sababu iliyotolewa kule ilikuwa uraibu. Serikali kama ile inaweza kuyaamuru makampuni yawafungie watoto mlango saa tatu usiku. Shefu wetu wa kartiye anaweza kufunga kibanda kimoja, na kesho yake mtoto atatembea hadi Birere, mbali zaidi na macho yetu.

Sasa wataalamu wamepata nini? Mnijie karibu hapa, kwa sababu kila upande huokota kipande kinachoupendeza.

Huwezi kumpa mtoto kisu ili uone kama atakitumia. Kwa hiyo wanapima kwa kuzunguka. Katika majaribio mengine humchezesha kijana mchezo wa vita kwa dakika chache, kisha humwambia: kuna mtu chumba cha pili, hapendi pilipili, mtayarishie chakula na utie pilipili kiasi unachotaka wewe. Anayetia nyingi anahesabiwa kuwa amepandwa na ukali. Mama yeyote hapa atauliza pilipili na risasi zinakutana wapi, na wataalamu wenyewe wamebishana juu ya swali hilo kwa miaka. Wengine wamefuata njia ndefu zaidi: wanamwuliza kijana anacheza nini leo, kisha wanarudi baada ya miezi au mwaka kumwuliza amepigana mara ngapi.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 24 za namna hiyo, zenye vijana zaidi ya 17,000 kwa jumla. Waliona kwamba wanaocheza sana michezo ya ukatili walielekea baadaye kupigana kidogo zaidi kuliko wenzao. Athari yenyewe ilikuwa ndogo, lakini ilionekana. Mwaka 2019 Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na mwenzake Weinstein walichukua vijana wapatao 1,000 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15, wakawauliza wanachocheza, wakawauliza wazazi wao kuhusu tabia zao, na wakaupima ukatili wa kila mchezo kwa ile namba ya umri badala ya maoni ya mchezaji. Hawakuona uhusiano. Mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilitoa tamko ambalo ningependa libandikwe kwenye ukuta wa ukumbi huu. Kilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuunganisha michezo hiyo na vitendo vya ukatili wa kweli. Kikasema pia kwamba upo uhusiano mdogo, unaojirudia katika tafiti, kati ya michezo hiyo na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana.

Mimi nalisoma hivi. Mtoto wako akitoka kwenye mchezo wa vita anaweza kumfokea mdogo wake, na una haki ya kulikemea hilo. Lakini kuchukua bunduki na kuua mtu ni jambo linalojengwa na vitu vizito zaidi, na sisi wa Kivu tunavijua kwa majina.

Kuna utafiti mmoja wa Kanada ninaotaka kukaa nao, kwa sababu unaeleza kibanda chetu kuliko mwingine wowote. Mwaka 2011 Adachi na Willoughby walilinganisha mchezo wa kupigana na mchezo wa mashindano ya magari usio na damu hata tone, wakahakikisha yote miwili ina ushindani sawa. Pilipili ikatoka sawa. Kisha wakapanga michezo kwa kiasi cha ushindani. Ile yenye ushindani mkali ndiyo iliyofuatwa na pilipili nyingi, iwe na damu au isiwe nayo.

Nimeingia mara kadhaa katika kibanda hicho tunachotaka kukifunga. Nilikaa kwenye benchi pamoja na watoto. Kuna televisheni mbili, pazia jeusi mlangoni, na joto la watu. Televisheni moja ina mchezo wa vita, na mbele yake vijana wamekaa kimya, macho yametulia. Nyingine ina mpira. Ugomvi wote niliouona ulitoka kwenye mpira. Na haukutoka kwenye mpira wenyewe: pale sheria ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipa. Kisha wakubwa wameongeza yao, wanaweka franga juu ya mechi. Nimeona mtoto wa miaka tisa ameweka pesa dhidi ya kijana wa miaka kumi na saba. Akafungwa mabao manne. Hana pesa. Akashikwa shati, akaburutwa nje. Kesho yake ndiye aliyekuja shuleni na jicho limevimba, na mama yake akaandika kwenye barua hii kwamba michezo ya vita imemharibu mwanawe.

Mama yangu, aliyempiga mtoto wako ni kijana mkubwa aliyekuwa anamdai pesa ya kamari. Na nyuma yake yuko mtu mzima anayeiona kamari hiyo kila siku na kuiacha, kwa sababu benchi linajaa. Barua yetu haimtaji hata mmoja wao.

Nimesema habari ya watu wazima, na sitaiacha upesi. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mwanasaikolojia Albert Bandura alifanya jaribio ambalo limetajwa katika mabishano haya kuliko lolote. Aliwachukua watoto 72 wa shule ya chekechea. Wengine walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa hewa: anampiga ngumi, anampiga nyundo, anamtolea maneno makali. Wengine walimwona mtu mzima anayecheza kwa utulivu. Wengine hawakumwona mtu. Baadaye kila mtoto aliachwa na mwanasesere yule. Waliomwona mtu mzima mkali wakampiga kama alivyompiga, wengi kwa vitendo vile vile na kwa maneno yale yale.

Watu hulileta jaribio hilo kuthibitisha kwamba skrini inaharibu, na kweli miaka miwili baadaye Bandura alilirudia kwa filamu, watoto wakaiga vilevile. Lakini tazameni nani aliigwa tangu mwanzo. Ni mtu mzima, amesimama chumbani, anapiga, na hakuna aliyemkataza. Sasa tuingie majumbani mwetu. Papa anarudi jioni, amenyanyaswa barabarani, anamvulia mtoto mkanda kwa sababu ya sahani iliyovunjika. Mama anampiga mkubwa, mkubwa anampiga mdogo, mdogo anampiga mbuzi. Papa mwingine ameketi na tiketi ya kubeti mkononi, anaitukana televisheni, na mtoto yuko miguuni pake anasikiliza. Kisha tunamkuta mtoto huyo anamsukuma mwenzake kwenye foleni ya maji, tunauliza amejifunza wapi, na kidole kinanyooshwa kibandani.

Na historia yetu wenyewe inasema zaidi. Wengi humu mnawakumbuka kadogo wa 1996 na 1997, watoto askari waliovaa mabuti makubwa kuliko miguu yao, waliotembea kutoka huku kwetu hadi Kinshasa. PlayStation ya kwanza kabisa ilianza kuuzwa Japani Desemba 1994. Wale watoto hawakuwahi kuigusa. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Den Haag ilitoa hukumu yake ya kwanza tangu iundwe, na hukumu hiyo ilikuwa ya mambo ya kwetu: Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji, alipatikana na hatia ya kuwaandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15 katika jeshi lake na kuwatumia vitani, huko Ituri, mwaka 2002 na 2003. Alipewa miaka 14 ya kifungo. Walioingia katika jeshi lile walichukuliwa na watu wazima: njiani, vijijini, kwa nguvu au kwa ahadi. Yeyote anayetaka kujua mtoto wa Kongo anajifunza wapi kuua, asome hukumu ile, asipoteze muda na diski.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo tafiti za Oxford haziwezi kutusemea, kwa sababu vijana wale wa Uingereza hawakulelewa chini ya mabomu.

Watoto wetu wamesikia vitu vya kweli. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, walilala sakafuni pamoja nasi, magodoro yameegemezwa madirishani. Wengine walikuwa wamekwisha kukimbia mara mbili au tatu, wamepita kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, chini ya mahema. Wanajua kutofautisha mlio wa silaha kubwa na ndogo kuliko wanavyojua kutofautisha ndege. Baada ya siku zile, shule ilipofunguliwa tena, mchezo wa kwanza uwanjani ulikuwa vita: bunduki za miti, mabomu ya maganda, maiti wa kujifanya. Walimu wengine walinyang'anya bunduki zile za miti na kuzichoma. Mimi niliomba waachiwe.

Kuna sababu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Wajerumani zilipokuwa zinaipiga London, Anna Freud na Dorothy Burlingham walifungua nyumba za kulea watoto huko Hampstead. Waliandika waliyoyaona siku hadi siku. Waliona watoto wanajenga nyumba za vibao na kuzibomoa kwa mabomu ya kuchezea. Mimi sioni humo dalili ya watoto kuwa wauaji. Naona watoto wanaolishika kwa mikono jambo lililokuwa limewashika wao. Waliona pia jambo lililowashangaza wengi: mtoto mdogo aliyepitia mabomu akiwa pamoja na mama yake, na mama huyo ametulia, mara nyingi alisimama imara. Kilichomvunja zaidi ni kutenganishwa na mama, hata kama alipelekwa mahali pa usalama.

Nilipolisoma hilo niliwaza juu ya Goma yote. Katika darasa langu yuko mtoto ambaye katika ile vita ya miti hakubali kuwa askari wa upande wowote. Yeye hubeba majeruhi kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao. Anakimbia na kipande cha ubao kutoka maiti hadi maiti, anawafunga majani, anawaamuru waamke. Bibi yake anamlea. Mchezo huo unamfaa kuliko neno lolote nililowahi kumwambia.

Lakini sisemi kila mchezo wa vita unamfaa kila mtoto, na hapa naachana na wale wanaosema waacheni tu wacheze. Kwenye bunduki ya mti mtoto ndiye bwana wa mchezo. Akiogopa anasema basi, maiti wanaamka, wote wanakwenda kunywa maji. Mashine haijui kwamba mtoto ameogopa. Yuko mtoto ambaye mlio ule wa televisheni unamrudisha palepale: anatokwa na jasho, usiku analowesha kitanda, asubuhi hataki kuongea. Na yuko mwingine ambaye hajisikii vizuri mpaka aisikie milio ile tena. Namba ya PEGI haiwezi kukuonyesha watoto hao wawili. Anayeweza kuwaona ni wewe uliyelala nao sakafuni ule usiku. Ukiona hivyo kwa mwanao, zima, hata kama wenziwe wote wanacheza, na umlete kwetu au kituo cha afya tuongee naye.

Kuhusu simu nitasema kwa haraka, ingawa huenda ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumba zenu kuliko kibanda. Free Fire ilitoka mwaka 2017 na inaingia hata kwenye simu ya bei ndogo. Wachezaji 50 wanashushwa kisiwani, anayebaki wa mwisho ameshinda, na yote yamekwisha kwa dakika kumi hivi. Ndiyo maana mtoto anakuambia kila mara amebakiza moja tu. Damu ya Free Fire hainitishi sana. Kinachonitisha ni mambo mawili ambayo wazazi hawaniulizi. Kuna sauti: mtoto wako anaongea na watu asiowajua, watu wazima wamo, na hujui anayemwambia asogee kushoto ni nani wala baadaye atamwomba nini. Na kuna pesa: almasi za mchezo zinanunuliwa kwa pesa ya kweli, na mtoto anayejua namba ya siri ya simu yako anajua mlango wa mfuko wako. Sauti inazimwa kwenye mipangilio. Ununuzi unafungwa kwa namba ya siri. Kama hujui, kijana yeyote pale dirishani atakuonyesha kwa dakika mbili, na nimewaomba wabaki baada ya mkutano kwa kazi hiyo.

Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, na orodha hiyo imetumika tangu Januari 2022. Msikimbilie kumwita mwanao mgonjwa. Wanaangalia mtu aliyeshindwa kujizuia, aliyeweka mchezo mbele ya chakula, masomo na watu, na anayeendelea ingawa anaona unamwangamiza; na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Mtoto anayelia ukimnyang'anya maneti, kile kishikio cha kuchezea, ni mtoto tu.

Basi wajibu wa mzazi ni nini? Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 31 kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Kifungu cha 18 kinasema wajibu wa kwanza wa malezi ni wa wazazi, au wa mlezi aliyeshika nafasi yao. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamhesabu kuwa mtoto yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo yule wa miaka kumi na saba aliyemburuta mwenzake shatini naye ni mtoto wetu, ana mzazi humu ndani, na habari yake inatuhusu sawasawa na ya aliyepigwa.

Najua tunakotoka. Najua mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda Kituku kungoja bidhaa za boti, anayerudi giza limeingia, miguu imevimba. Sitamwambia mama huyo kwamba ameshindwa kulea. Kibanda kimemsaidia, na lazima tuseme ukweli huo: tangu saa saba mchana hadi jioni mtoto wake yuko mahali panapojulikana, hayuko barabarani na maibobo, watoto wa mitaani, wala karibu na watu wenye silaha. Tukikifunga kesho, saa hizo tano atazijaza nani? Barua haisemi.

Ninachoomba kwa mzazi hakigharimu franga. Mwulize mtoto usiku huu: umecheza nini, na nani, nani alilipa? Usimwulize kama hakimu. Siku moja keti ubavuni mwake, mwambie akufundishe, ushindwe mbele yake, akuone jinsi mtu mzima anavyoshindwa bila kutukana. Akikuuliza kwa nini mtu yule kwenye skrini anauawa, usimnyamazishe. Mweleze. Sisi tuna mengi ya kueleza kuliko wazazi wa Oxford, maana tumewazika watu, na mtoto anastahili kusikia kutoka kwako kwamba aliyekufa haamki mchezo unapoanza upya. Papa mliomo humu, nawasihi zaidi nyinyi. Simu ya mtoto mara nyingi mmenunua nyinyi, na maswali yote mmemwachia mama.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa komite ni kwamba barua isiende kwa shefu kama ilivyo. Tuiandike upya, na kwanza tumwandikie mwenye kibanda. Mlango usifunguliwe kwa mwanafunzi saa za masomo. Pesa isiwekwe juu ya mechi, ya mtoto wala ya mkubwa, na sheria ya aliyefungwa kulipa iondoke. Kila mtu alipie zamu yake. Mchezo wenye 18 usiwashwe watoto wanapokuwa ndani. Pazia jeusi litolewe ili anayepita njiani aone. Na sisi tutoe wazazi wawili kila wiki, kwa zamu, waketi kwenye benchi lile saa mbili tu. Mimi nitachukua wiki ya kwanza, namtafuta papa mmoja wa kwenda naye. Akikataa hayo, au akikubali kwa mdomo na kamari ikaendelea, barua ya kumwomba shefu afunge nitaitia sahihi ya kwanza, na nitaipeleka mwenyewe.

Mwenye kibanda tulimwalika. Ndiye yule aliyeketi karibu na mlango, ana shati la buluu. Yeye pia ana watoto wawili katika shule hii. Ameomba dakika kumi za kujibu kabla ya kura, na Bwana Prefe amezikubali. Papa, karibu mbele.